Unalalia Mito Mingapi?

Aliyepata mshtuko wa moyo akatoka hospitali huishi akiviziwa na maumivu ya kifua. Yasiporudi, anajihesabu mzima. Daktari wa moyo huenda asianzie huko kabisa. Atamuuliza: siku hizi unalalia mito mingapi?

Msuli wa moyo uliokosa damu hufa, na panapobaki kovu hapasukumi kitu. Moyo wenye afya hutoa kwa kila pigo zaidi ya nusu ya damu iliyojaa chumba chake cha chini cha kushoto. Kipimo cha eko, yaani ultrasound ya moyo, kikisoma asilimia 40 au pungufu, nguvu imepotea. Mchana bado mtu anajimudu, kwa kuwa sehemu ya damu hutuama miguuni. Akilala chali inarudi kifuani, moyo unaelemewa, damu inarundikana mapafuni na maji yanapenya kwenye vifuko vya hewa. Ndipo anaongeza mto wa pili, wa tatu, hatimaye analala kitini. Wengine hushtuka saa moja au mbili baada ya kusinzia, wakitweta na kukimbilia dirisha. Jamaa watasema ni pumu, au jinamizi.

Figo nazo zikipata damu kidogo huzuia chumvi na maji yasitoke. Maji huteremkia vifundoni. Pwani yetu mguu uliovimba huitwa matende upesi mno, ilhali uvimbe utokanao na moyo kwa kawaida hushika miguu yote miwili, huzidi jioni, na ukibonyezwa kwa kidole gumba huacha shimo. Mizani huuona mapema kuliko macho: lita moja ya maji ni kilo moja. Anayejipima kila asubuhi kabla ya chai, akakuta kilo 2 zimeongezeka ndani ya siku 3, asidhani amenenepa. Aende kliniki.

Kuna pia uchovu, kikohozi kikavu cha usiku, na tumbo kujaa baada ya matonge mawili. Hayo peke yake hayathibitishi kitu. Yakiandamana na mito, yana uzito. Na asikimbilie diklofenaki wala ibuprofeni za duka la dawa kwa miguu inayouma, maana huzifanya figo zishike maji zaidi.

Anayehema hata akiwa amekaa, au anayekohoa povu lenye rangi ya waridi, apelekwe hospitali usiku huohuo. Wasimlaze kiti cha nyuma cha teksi kama wengi wanavyofanya kwa huruma. Akae wima, miguu ikining'inia.