Petroli si Gesi: Istilahi za Utunzaji wa Mashine ya Kukatia Kingo

Watafsiri wa vitabu vya maelekezo ya mitambo aghalabu hudhani kwamba kazi yao imekwisha pindi kila neno la kigeni lipatapo mwenzake wa Kiswahili. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba sivyo, na mfano wetu ni mtambo mdogo sana: mashine ya kukatia kingo za majani.

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, hupata mvua za masika kati ya Machi na Mei, na majani huota kwa kasi. Katika mji wa Kilosa, ulio kwenye Reli ya Kati, na pia Mikumi, kwenye barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa, jirani na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, viwanja vya ofisi, shule na nyumba za wageni hufyekwa kwa kwanja, na pengine kwa mashine. Anayeishika mashine husoma Kiswahili. Kitabu kilichokuja nayo mara nyingi ni cha Kiingereza. Kati yao husimama mtafsiri, na kosa la mtafsiri huiangukia mikono ya mtumishi wa bustani.

Kwanza tufafanue dhana yenyewe. Mashine ya kukata majani ina kisu kilicholala, kizungukacho sambamba na ardhi. Mashine ya kukatia kingo ina kisu kilichosimama wima, nacho hukata udongo na mizizi mahali majani yanapopakana na njia au kitalu cha maua. Hizi ni dhana mbili, na haifai kuziita zote kwa jina moja la mashine ya majani.

Neno la kwanza lenye hatari ni gesi. Nchini Marekani petroli huitwa gasolini, na katika mazungumzo jina hilo hufupishwa, ikabaki silabi ya kwanza tu, ambayo kwa maandishi na kwa matamshi ni sawa na neno lao la gesi. Mtafsiri asiye mwangalifu huandika “mashine inayotumia gesi”, na msomaji akafikiri mtungi wa kupikia. Mashine hii hutumia petroli. Gesi iliyopo ni ile itokayo kwenye eksozi, nayo ina monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo sababu mashine haiwashwi ndani ya stoo.

Neno la pili ni letu wenyewe: mafuta. Kwa Kiswahili petroli ni mafuta, na oili ni mafuta. Basi agizo la “tia mafuta kabla ya kuwasha” halimwambii mtumishi atie nini, wala wapi. Hapa hapana budi kutaja petroli au oili kila mara, hata kama sentensi itarefuka.

Tofauti hiyo huwa kubwa zaidi kwa kuwa injini hizi ni za aina mbili. Injini ya mipigo minne ina mahali pake pa oili, mbali na tangi la petroli. Oili hupimwa mashine ikiwa imepoa na imesimama mahali tambarare, kisha hubadilishwa kwa saa za kazi zilizotajwa na mtengenezaji. Injini ya mipigo miwili haina hazina hiyo. Oili yake huchanganywa na petroli tangini. Uwiano wa 50 kwa 1 maana yake ni mililita 100 za oili katika lita 5 za petroli. Uwiano wa 25 kwa 1 ni mililita 200. Atiaye petroli tupu katika injini hii huiunguza pistoni na silinda kwa kukosa ulainisho. Tumependelea neno mipigo kwa sababu pistoni hupiga kwenda na kurudi. Anayetafuta neno la Kiingereza katika kamusi bila kuijua injini aweza kuambulia kiharusi, ambacho ni ugonjwa.

Neno la tatu ni plagi. Katika nyumba, plagi ni kitu cha umeme wa ukutani. Katika injini, ni kifaa kitoacho cheche. Agizo la usalama lililo kubwa kuliko yote ni hili: kabla ya kugusa kisu, zima injini, subiri kisu kisimame, kisha chomoa waya wa plagi ya cheche na uuweke mbali nayo. Tukiandika “chomoa plagi” tu, mtumishi atajibu kwamba mashine yake haina waya wa ukutani, naye ataushika mkanda au kisu huku injini ikiweza kuwaka kwa kuzungushwa kidogo tu.

Sehemu zilizobaki hazina utata mwingi. Chujio la hewa la sponji huoshwa kwa maji ya sabuni na kukaushwa. La karatasi halioshwi, bali hukung’utwa polepole au hubadilishwa. Mkanda hukaguliwa usiwe na nyufa. Kisu hulika kwa kugonga mawe; kikipinda au kikipasuka hakinyooshwi, hubadilishwa. Kiangazi kiingiapo, mashine ikawekwa miezi kadhaa, petroli iliyoachwa hugeuka kuwa utomvu na kuziba kabureta. Kwa hiyo tangi humwagwa, kisha injini huwashwa mpaka petroli iliyosalia iishe.

Kwa jina la mashine yenyewe tunapendekeza kikatakingo, wingi vikatakingo, kwa mfano wa kipazasauti na kipimajoto, maneno ambayo watu wameyakubali. Lakini mafundi wakiwa na jina lao linalotofautisha mashine hizi mbili, tutakuwa tayari kuliacha letu. Tunawasihi walimu wa ufundi na watafsiri wayajaribu maagizo yao kwa njia moja: wamsomee mtu mwenye mashine mkononi, kisha wamtazame atagusa nini kwanza. Akigusa kitu kisicho chenyewe, kosa si lake.