Je, Wajua? Amin Alipokelewa kwa Shangwe

Je, wajua kwamba Idi Amin alishangiliwa kabla ya kuogopwa? Alipompindua Rais Milton Obote wa Uganda tarehe 25 Januari 1971, watu walijaa barabarani Kampala wakicheza. Aliwafungulia wafungwa wa kisiasa na kuurudisha mwili wa Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, kutoka London. Miongoni mwa walioachiwa alikuwa mwanasiasa Benedicto Kiwanuka, naye Amin akamteua Jaji Mkuu mwaka huohuo. Kisa chake ndicho kinachoniuma zaidi: Septemba 1972 alikamatwa mahakamani, akauawa. Mkono uliomtoa gerezani ndio uliommaliza.

Mji wa Jinja uliuona upande huo wa ukatili mapema. Baada ya wanajeshi wa kambi ya huko kuasi Januari 1964 wakidai mishahara, Amin alikabidhiwa kikosi chao. Kufikia katikati ya 1971, raia wengi wakiwa bado wanamsifu, wanajeshi Waacholi na Walango walikuwa wakiuawa kambini humo. Mwaka uliofuata aliwafukuza Waasia, na biashara za Jinja zikadorora. Miili ya waliouawa ilitupwa mtoni Nile, mingine ikaelea hadi bwawa la Owen Falls.

Mbale nako, Abayudaya, jumuiya ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, walikatazwa ibada. Wengine walibadili dini. Waliobaki wakasali kwa siri hadi Amin alipong'olewa Aprili 1979.