Anayesubiri Naye ni Mzigo

Kompyuta yangu ya mezani, ya Linux, ilikuwa inasuasua, nami nikitafuta programu ya kunionyesha mzigo wake. Programu hizo si adimu: Windows ina Task Manager, Linux ina top. Nikachagua htop, ya Mbrazili Hisham Muhammad, ambayo rangi zake husomeka kirahisi. Ikanionyesha kioja: wastani wa mzigo umepita 9, ilhali prosesa karibu hazina kazi. Tisa ya nini, basi?

Jibu nililikuta kwa Brendan Gregg, mhandisi bingwa wa kuchunguza utendaji wa kompyuta. Swali hilo lilimkera naye, na mwaka 2017 akafukua nyaraka za zamani za Linux hadi akaifikia barua pepe ya Oktoba 1993, ya Matthias Urlichs. Wakati huo, katika wastani huo wa mzigo, Linux ilihesabu kazi zilizo kwenye prosesa na zinazongoja zamu ya prosesa, basi. Urlichs hakuridhika. Ukiweka diski ya polepole, alisema, mzigo unasomeka umepungua! Akapendekeza badiliko dogo: kazi iliyokwama ikingoja diski nayo ihesabiwe.

Mtu wa Nanighi, kando ya Mto Tana, ataelewa upesi. Mto ukijaa, mwenye mtumbwi hukaa tu, na abiria wakafurika ukingoni. Ukimtazama yeye peke yake, utadhani siku imelala.

Gregg alimtafuta Urlichs, miaka 24 baadaye, naye akajibu. Nambari ile, alieleza, ilikusudiwa kumwonyesha binadamu jinsi mashine ilivyotingwa kwa macho ya binadamu. Napenda sana jibu hilo. Mhandisi huyu alimfikiria aliyekaa mbele ya skrini.

Lakini Gregg hakuishia hapo. Alionyesha kwamba siku hizi hata kazi zinazongoja kufuli fulani za ndani ya Linux huingia katika hesabu ileile, hivyo nambari moja imebeba mambo mengi mno. Tangu toleo la 4.20, la Desemba 2018, Linux inaweza kupima kando shinikizo la prosesa, la kumbukumbu na la diski, na htop za karibuni huweza kuonyesha vipimo hivyo.

Kujua mzigo unatoka wapi si jambo dogo kwa anayefuata vipuri mbali na kuvilipia kwa shida. Usinunue prosesa kwa sababu ya 9. Tazama kwanza safu ya hali ya kila kazi: herufi D ni kazi iliyokwama ikingoja. Kwangu D zilijaa. Diski imechoka, au kumbukumbu ndiyo haitoshi ikawa inaisukumia diski mzigo wake?