Lubumbashi: Waridi la jangwani huuawa na mvua, si kiu

Waridi la jangwani likifa Lubumbashi, mara nyingi kiu haina hatia. Mmea huu, Adenium obesum kwa jina la kisayansi, huweka akiba ya maji katika shina lake lililovimba karibu na ardhi, ambalo wataalamu huliita kaudeksi. Shina hilo likilowa wiki nzima bila kukauka, huoza kuanzia chini, na mwenyewe hugundua siku majani yanapoanguka.

Katika mji unaopata takriban milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, nyingi kati ya Novemba na Machi, hatari hiyo si ndogo. Asili ya mmea ni nchi kavu, kuanzia Senegali hadi Uarabuni, zikiwemo Kenya na Tanzania. Huko ukavu huja na joto. Lubumbashi, iliyo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ina kiangazi cha baridi: usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Ndiyo maana ushauri wa kumwagilia unaotoka Mombasa au Dar es Salaam haufai kufuatwa hapa neno kwa neno.

Mei, mvua zikiisha, maji hupunguzwa. Juni na Julai, mmea ukiwa umepukutisha majani, unaweza kukaa wiki nne bila tone. Kwa nyumba inayochota maji kwa bidoni, hiyo si habari mbaya.

Septemba joto hurudi. Vichipukizi vikionekana, mmea hupewa maji mengi kwa mara moja hadi yatoke chini ya chungu, kisha udongo huachwa ukauke kabisa kabla ya kurudia. Oktoba, jua likiwa kali, hilo laweza kufanyika kila baada ya siku chache. Mvua zikishika, chungu kihamie barazani, chini ya bati, mahali jua linapofika.

Udongo nao una lawama yake. Ule wa vichuguu, ambao Lubumbashi hufyatuliwa matofali, una mfinyanzi mwingi na hushika maji, haufai hapa. Mchanga mkubwa wa mtoni, vipande vya matofali ya kuchoma na makala yaliyovunjwa hupitisha maji haraka, na havina gharama kubwa. Chungu kisicho na tundu chini ni kaburi.

Shina likibonyea wakati wa ukavu, lina kiu. Likibonyea wakati wa mvua na kutoa harufu, linaoza. Hapo mmea hung'olewa, sehemu mbovu hukatwa kwa kisu safi hadi nyama nzima, kidonda hupakwa unga wa makala, na mmea huachwa kivulini wiki moja kabla ya kupandwa tena. Mikono ioshwe baadaye: utomvu wake ni sumu, na Afrika Mashariki umetumika kupaka mishale.

Anayetaka shina nene aanze na mbegu, kwani tawi lililokatwa huota lakini mara chache hutoa tumbo zuri.

Ajabu ni kwamba Katanga ina mimea yake yenye ustadi huohuo, ila wachache wanaoijua. Euphorbia cupricola, ambayo hapo awali iliitwa Monadenium cupricola, huishi kwenye udongo wenye shaba wa vilima vya Katanga. Kiangazi hukaa chini ya ardhi kama kiazi, na huchipua mvua zinaporudi. Watafiti wamehesabu mimea zaidi ya 30 ambayo haipatikani popote duniani ila kwenye udongo wa shaba wa eneo hili.

Vilima hivyo, zaidi ya 100 kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi, ndivyo vinavyochimbwa. Mgodi wa wazi huondoa kilima pamoja na mizizi yake. Huko Tenke-Fungurume, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Gembloux, Ubelgiji, wameshiriki katika kazi ya kukusanya mbegu na kuhamisha mimea pamoja na udongo wake kabla mashine hazijafika.

Kuichimba kwa ajili ya kuuza nje ni jambo jingine: biashara ya kimataifa ya Euphorbia zinazotunza maji mwilini inasimamiwa na mkataba wa CITES, na mmea uliotoka porini hauvuki mpaka bila kibali.