Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Adabu ya Mgeni Katika Misitu ya Sokwe

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii humpa mgeni heshima kubwa, kwa kuwa humhesabu kuwa mleta baraka katika nyumba aiingiayo. Lakini iko misitu katika Tanzania ambamo ugeni waweza kuwa msiba kwa mwenyeji, hata kama mgeni ni mtu mpole, mwenye nia njema, asiyekata hata jani moja. Misitu hiyo ni ya Gombe na Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, na mwenyeji ni sokwe.

Mtu azuruye Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale hufika kwa mashua, kisha huingia msituni kwa miguu. Kabla ya kuwaona sokwe, mwongoza wageni humweleza masharti: avae barakoa ifunikayo pua na mdomo, akae umbali usiopungua mita 10, asile chakula wala kutema mate karibu nao, na saa moja ikitimia, aondoke. Mwenye mafua au kikohozi haruhusiwi kwenda kabisa. Wageni wengi hutii, lakini ni wachache wajuao sababu. Wengine hudhani kuwa hayo ni masharti ya ofisi tu, au kwamba sokwe ni mkali. Kwa hakika kila sharti lina mzizi wake katika elimu ya viumbe, na baadhi ya mafunzo hayo yalipatikana kwa gharama ya uhai.

Undugu wenye hatari

Katika wanyama wote walio hai leo, sokwe na bonobo, jamaa yake wa Kongo, ndio walio karibu zaidi na binadamu. Chembe za urithi za sokwe na za binadamu hufanana kwa kiasi cha asilimia 98 au zaidi. Undugu huu, ambao huwavutia wageni kutoka pande zote za dunia, ndio pia uletao hatari. Kirusi hakiwezi kuambukiza mwili mpaka kipate mahali pa kujishika juu ya seli, mfano wa ufunguo upatao kufuli lake. Kwa kuwa seli za sokwe na za binadamu hufanana mno, funguo nyingi zifunguazo mwili wa mmoja hufungua na wa mwenziwe.

Tofauti kubwa imo katika kinga. Mtu aliyekulia kijijini au mjini ameambukizwa virusi vya mafua mara nyingi tangu utotoni, na mwili wake umejifunza kupambana navyo. Sokwe wa msituni hajapata mafunzo hayo. Ugonjwa ambao kwa mwanafunzi ni siku tatu za kupenga kamasi, kwa sokwe waweza kuwa homa ya mapafu, hasa pale bakteria wanapoyavamia mapafu yaliyokwisha dhoofishwa na virusi.

Mafunzo ya Gombe na Mahale

Jane Goodall, aliyefariki mwaka 2025, alianza uchunguzi wake Gombe mwezi Julai 1960. Mjapani Toshisada Nishida alianza kazi yake Mahale mwaka 1965. Ili kuwazoesha sokwe kuonana na watu, watafiti wa miaka hiyo waliwapa chakula: ndizi huko Gombe, na miwa huko Mahale. Njia hiyo ilifungua mlango wa maarifa mengi, lakini iliwakusanya sokwe wengi mahali pamoja, ikawazidishia ugomvi na kuwaleta karibu mno na watu.

Mwaka 1966 sokwe wa Gombe walishikwa na ugonjwa uliofanana na polio, wakati ambapo polio ilikuwa imezuka miongoni mwa watu wa sehemu za jirani. Baadhi yao walipooza viungo, na wengine wakafa. Watafiti walilazimika kuwapa sokwe chanjo ya polio iliyotiwa ndani ya ndizi. Baada ya miaka kupita, desturi ya kuwalisha sokwe iliachwa katika hifadhi zote mbili.

Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa ulilikumba kundi la sokwe la Mahale ambalo wageni hulizuru. Katika sokwe wapatao 65, kiasi cha 12 walikufa au walitoweka wasionekane tena. Mbali na hapo, katika msitu wa Taï nchini Kodivaa, wanasayansi walichunguza sokwe waliokufa katika magonjwa ya namna hiyo yaliyotokea kati ya 1999 na 2006, wakakuta virusi vya njia ya hewa vya binadamu. Taarifa yao ya mwaka 2008 ilithibitisha jambo lililokuwa likishukiwa kwa muda mrefu.

Hasara ya namna hii haizibiki upesi. Sokwe jike huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka 13 hivi au zaidi, naye hupitisha miaka 5 au 6 kabla ya kuzaa tena, iwapo mtoto wake yu hai. Ugonjwa wa majuma machache waweza kufuta uzazi wa miaka mingi.

Sababu ya kila sharti

Mtu akohoapo au kusema, hutoa matone ya mate. Matone makubwa huanguka chini karibu naye, lakini yaliyo madogo sana huelea hewani na kuchukuliwa na upepo. Umbali wa mita 10 hukinga dhidi ya yale ya kwanza, na barakoa hupunguza yale ya pili. Saa moja huwekwa kwa sababu hatari huongezeka kadiri muda wa kuwa pamoja unavyorefuka, na kwa sababu sokwe wahitaji nafasi ya kula na kulea watoto bila kutazamwa kutwa nzima.

Yawezekana mgeni akasema, "Lakini mimi ni mzima." Hapo ndipo penye kosa. Virusi vingi hukaa mwilini siku kadhaa kabla ya dalili kutokea, na mtu aweza kuambukiza kabla hajapiga chafya ya kwanza. Zamani safari ya baharini ilichukua majuma, na mgonjwa alijulikana njiani. Leo ndege humvusha mtu bara zima kwa siku moja, naye akafika msituni kabla ya kujijua kuwa mgonjwa.

Tena sokwe hawajui kanuni ya mita 10. Mtoto wa sokwe aweza kumjongelea mgeni kwa udadisi, na picha ikawa nzuri ajabu. Wajibu wa kurudi nyuma ni wa mgeni.

Je, yafaa basi kuwazuia wageni wote? La. Ada wazilipazo husaidia kugharimia ulinzi wa hifadhi, na palipo na watafiti na askari wa hifadhi, jangili hupata taabu kuingia. Wataalamu wa Taï wenyewe waliona kuwa sokwe walisalia kwa wingi zaidi karibu na kituo cha utafiti. Ndiyo maana jitihada imeelekezwa katika adabu badala ya kufunga mlango.

Jaribio la shuleni

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa vifaa vichache. Chupa ya kunyunyizia itiwe maji yenye wino, na karatasi nyeupe zitandazwe chini kwa kila nusu mita, mpaka mita 4. Mwanafunzi mmoja anyunyize kwa usawa wa mdomo, kisha wenzake wahesabu matone katika kila karatasi. Jaribio lirudiwe kukiwa na upepo, na tena kitambaa kikiwa kimefunika mdomo wa chupa. Hatimaye wapime mita 10 uwanjani kwa kamba, wasimame ncha hii na ile, na watazamane.

Wataona kwamba kwa umbali huo uso wa mwenzao waonekana vizuri, hata tabasamu lake. Mgeni hakosi kitu akisimama hapo.