Lubumbashi: Nywele zikitoka kwa viduara, vijana wa Kampemba wapimwe kwanza kabla ya kukubali sindano ya damu

Msusi anaweza kuwa wa kwanza kuona: kiduara kitupu kichwani, laini, bila kidonda. Katika komini ya Kampemba, toka Bel-Air mpaka Bongonga, ni rahisi kudhani ni uchawi, nywele bandia au kuvu.

Waganga wanauita ugonjwa huo alopesia areata. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inashambulia mizizi ya nywele. Hauambukizi. Duniani, karibu watu 2 kwa 100 wanaupata wakati fulani wa maisha, wengi kabla ya miaka 40. Mzizi haufi, kwa hiyo nywele zinaweza kurudi, mara nyingine hata bila dawa.

Kwa viduara vichache, daktari anachoma sindano za kortikoidi kichwani kila wiki 4 mpaka 6. Ugonjwa ukikataa, wengine wanatafuta plazma: damu ya mgonjwa inatolewa, inazungushwa kwa mashine, kisha sehemu yenye chembe nyingi za kugandisha damu inachomwa kichwani ili kuamsha mizizi. Majaribio madogo yameleta matumaini, lakini haijathibitishwa kwamba inaponya ugonjwa mkali.

Tena, damu ni damu. Katika jimbo la New Mexico, Marekani, saluni moja isiyo na kibali ilitumia njia hiyo kwa ngozi ya uso. Mwaka 2024, wachunguzi wa afya walieleza kwamba wateja waliambukizwa virusi vya ukimwi hapo. Sindano au chupa iliyotumika kwa mwingine inaweza kuleta pia homa ya ini.

Kuna pia vidonge vinavyotuliza kinga ya mwili. Marekani iliidhinisha baricitinib kwa watu wazima mwezi Juni 2022, na ritlecitinib kuanzia miaka 12 mwezi Juni 2023. Lakini vinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini, ndiyo maana kipimo chake kinatangulia. Na mgonjwa akiacha dawa, nywele zinaweza kutoka tena.

Basi hatua ya kwanza ni kujua ugonjwa wenyewe. Kuvu ya kichwa, ambayo inaambukiza watoto wa shule, ina dawa yake nyingine kabisa. Wazazi wanaweza kuuliza kwenye hospitali kubwa za mji, kama Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu, namna ya kumwona mganga wa ngozi. Anayeahidi kuponya kwa sindano moja aulizwe kwanza: sindano ni mpya? Na nani alipima ugonjwa?