Jiko Banifu Linaporudisha Moshi Jikoni

Baadhi ya kamati za miradi katika sharika zimetuarifu kwamba jiko banifu la kuni lililojengwa shuleni au kituoni kwao limeharibika, kwani moshi unarudi jikoni badala ya kupanda kwenye bomba. Mara nyingi taarifa hiyo huambatana na ombi la jiko jipya. Kabla ombi halijafika kwa wafadhili, tunaomba kamati ikague njia ya hewa. Mara nyingi jiko lenyewe huwa zima.

Bomba la moshi hufanya kazi kwa mvuto. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo hupanda. Hewa baridi iliyo nzito huingia kupitia mlango wa kuni kuchukua nafasi yake. Bomba likipoa, likiziba au likitoboka, mvuto hupungua na moshi hutafuta mlango.

Anzeni na kuni. Mti uliokatwa karibuni unaweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake. Joto la moto huishia kuchemsha maji hayo, na moshi hupanda ukiwa umepoa. Moshi huo huacha ndani ya bomba masizi yanayonata kama lami, hivyo kuni mbichi za leo ndizo zitakazoziba bomba baadaye. Kuni zipasuliwe, zipangwe chini ya paa mahali penye upepo, na ziachwe miezi 6 au zaidi. Lori la kuni mbichi huonekana kuwa na bei nafuu, lakini hapo kamati imenunua maji.

Halafu tazameni mlango wa kuni. Hewa inatakiwa kupita chini ya kuni. Majivu yakijaa, au magogo yakishindiliwa hadi mdomo ukaziba, moto hufuka tu. Tusiwalaumu wapishi: wanadaiwa chakula cha wanafunzi wengi kwa saa maalumu, na mara nyingi hakuna aliyewaeleza kwamba vijiti vichache vikavu huwaka vizuri kuliko gogo nene.

Bomba lisafishwe likiwa limepoa kabisa, kwa brashi ya waya au gunia lililofungwa kwenye kamba yenye uzito mwishoni. Msisahau nafasi kati ya sufuria na ukuta wa jiko, maana nayo hujaa masizi. Kisha washeni moto na kusogeza karatasi inayofuka kwenye kila ungio la bomba; moshi wake ukivutwa ndani, pana ufa unaoingiza hewa baridi. Uzibeni.

Kama moshi unarudi wakati wa upepo tu, pimeni urefu. Kanuni ya mafundi wengi ni kwamba ncha ya bomba ipite kwa sentimita 60 hivi sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya mita 3 kutoka kwenye bomba. Bomba linaloishia chini ya mgongo wa paa hupigwa na upepo unaoshuka.

Katika nyanda za juu, miezi ya Juni na Julai, wapishi hufunga mlango na madirisha kwa sababu ya baridi. Hewa isipoingia jikoni, bomba halina cha kuvuta. Asubuhi pia bomba huwa baridi. Kuchoma kwanza nyasi kavu kidogo karibu na shina lake husaidia.

Jiko likiendelea kufuka, mpishi hurudi kwenye mafiga matatu, na fedha za mradi hubaki ukutani bila kazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, hasa moshi wa kupikia, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Wapishi wetu huuvuta moshi huo kila siku.

Kwa hiyo tunaomba kila kamati iweke katika bajeti ya mwaka brashi, saruji ya kuzibia nyufa na malipo ya msafishaji. Ombi la jiko jipya liambatane na maelezo ya ukaguzi huu: hali ya kuni, tarehe bomba liliposafishwa na urefu wake juu ya paa.